Bao la jioni: mwongozo wa kuanza kucheza ili kupumzisha akili

Kila wiki ya kufunga hesabu za mwezi nilikuwa nafika nyumbani saa moja usiku na kukaa kwenye kochi na viatu vyangu miguuni. Mwili umefika, akili bado iko ofisini inajumlisha. Nikiwasha televisheni, tamthilia inapita mbele ya macho na siishiki. Nikishika simu ndiyo balaa, maana simu ile ile ninayotaka inipumzishe ndiyo inayoleta ujumbe wa bosi.

Kilichonitoa huko nilikikuta barazani kwa jirani, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wazee wanacheza bao pale kila siku baada ya alasiri, na nilikuwa nawapita miaka mingi kwa shikamoo tu. Siku moja nikaombwa nikae kujaza nafasi ya mtu aliyechelewa. Nilifungwa vibaya. Lakini nilipoinuka niligundua kwamba kwa karibu saa nzima sikuwa nimeikumbuka kazi hata mara moja, na sikuwa nimejilazimisha kuisahau.

Tangu hapo nimelifikiria sana jambo hili, na ninachoamini ni hiki: akili iliyochoka kwa mawazo haipumziki ukiiacha tupu, kwa sababu mawazo yale yale yanarudi kujaza nafasi. Inapumzika ukiipa kazi nyingine ndogo, yenye mwanzo na mwisho, isiyomdhuru mtu ukikosea. Bao linatoa kazi hiyo. Mkono unagawa kete, jicho linahesabu, sikio linasikia ko, ko, ko, na mbele yako yuko binadamu mwenzako. Huwezi kuhesabu kete za shimo la tano na wakati huo huo ukahesabu kodi ya nyumba.

Mwongozo huu ni kwa mtu ambaye hajawahi kugusa bao, au aliyeliona kwa babu yake akaliacha huko. Hauhitaji kipaji chochote. Ukiweza kuhesabu hadi kumi, umekwisha kufuzu.

Hatua ya kwanza: pata ubao na kete

Ubao wa bao la Kiswahili una mashimo 32, yaani safu 4 za mashimo 8 kila moja. Safu mbili za upande wako ni zako, mbili za upande wa pili ni za mwenzako. Kete ni 64. Mbao nzuri huchongwa kwa miti migumu kama mninga au mvule, na ukienda kwenye maduka ya vinyago utauziwa bei ya mapambo. Usianze huko. Mwombe fundi seremala wa mtaani akutobolee kipande cha ubao wa kawaida, au tengeneza mwenyewe kwa njia hii niliyoitumia na wanangu: chukua trei mbili za mayai, zile za makaratasi zenye nafasi 30. Kwenye kila trei kata kipande cha nafasi 4 kwa 4, kisha viunganishe viwili hivyo kwa gundi juu ya boksi gumu. Umepata 4 kwa 8. Wanaoishi kwenye kiwanja chenye udongo mkavu wanaweza kuchimba mashimo chini kwa kisigino, kama watoto wanavyofanya tangu zamani.

Kwa kete, zilizo bora kuliko zote ni komwe, mbegu za mkomwe, ule mti wa miiba unaotambaa karibu na fukwe za pwani yetu. Ni za kijivu, ngumu, duara kama gololi, na zinateleza vizuri vidoleni. Usipopata komwe, maharage makubwa yanatosha, au kokoto ndogo zilizooshwa. Ninakushauri tu zilingane ukubwa. Kete zikiwa za kila namna, mkono unakwama, na starehe ya mchezo huu iko mkononi kama ilivyo kichwani. Mara ya kwanza utakapozikusanya kete nane za shimo moja kwenye kiganja na kuziachia moja moja bila kutazama, utaelewa ninachosema.

Hatua ya pili: pata mwenzako na saa yake

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wananunua ubao, wanauweka juu ya kabati, basi. Bao linahitaji watu wawili na muda unaojulikana. Mimi na mke wangu tuna jioni tatu kwa wiki, watoto wakishakula, na siku ya nne naenda barazani. Mchezo mmoja wa wanaoanza mara nyingi unamalizika ndani ya nusu saa, kwa hiyo usiseme huna muda. Hiyo nusu saa unaitumia sasa hivi kupandisha na kushusha kidole kwenye kioo cha simu.

Chagua mtu ambaye hutamwogopa. Mtu wa kazini kwenu huenda asifae, maana mazungumzo yatarudi kazini. Kama ni mzee wa mtaa, mwendee kwa heshima yake: salimu, kaa, tazama michezo miwili mitatu bila kutia neno, kisha omba ufundishwe. Wazee wa baraza hawapendi mtazamaji anayeropoka "mzee, kula pale!" lakini wanampenda sana kijana anayeuliza kwa adabu mchezo ukiisha. Na dada zangu, msiambiwe bao ni la wanaume. Barazani mtawaona wanaume wengi kweli, ila ubao haumjui mwanamume wala mwanamke, na mke wangu sasa ananifunga mara nyingi kuliko ninavyomfunga.

Walio mbali na pwani nao wana njia. Uganda kuna omweso, Rwanda kuna igisoro, Malawi kuna bawo. Yote ni mashimo 32 na kete 64, ndugu wa tumbo moja ingawa sheria zinatofautiana. Ukiwa ughaibuni na jirani yako ni Mganda au Mnyarwanda, una mwenzako tayari.

Hatua ya tatu: shika majina machache

Kaa, weka ubao katikati. Safu iliyo karibu na mpinzani ni safu yako ya mbele, na iliyo karibu na tumbo lako ni safu ya nyuma. Vita vyote viko mbele. Nyuma ni ghala na njia ya kupitia.

Mashimo ya pembeni ya safu ya mbele, la mwisho kushoto na la mwisho kulia, yanaitwa vichwa. Shimo linalofuata kichwa linaitwa kimbi. Kwa hiyo una vichwa viwili na vimbi viwili. Kuchukua kete za mpinzani ni kula. Kumalizia mwendo kwenye shimo tupu ni kulala. Ukilala, zamu imehama. Mwendo usio na kula unaitwa kutakata. Haya yanatosha kwa wiki ya kwanza.

Hatua ya nne: anza na bao la kujifunza

Usianze na bao kamili. Kuna namna ya mpangilio inayoitwa bao la kujifunza, na jina lake linasema kazi yake: kila shimo, yote 32, weka kete 2. Hakuna kete mkononi. Mnaanza moja kwa moja.

Sheria zake ni hizi. Unachukua kete zote za shimo lako lolote lenye kete 2 au zaidi, unazigawa moja moja kwenye mashimo yanayofuata, kwenda upande unaotaka, ukizunguka ndani ya safu zako mbili tu. Kete yako ya mwisho ikiangukia shimo la mbele ambalo tayari lina kete, na shimo la mpinzani linalolikabili nalo lina kete, unakula kete za shimo hilo. Ulizokula huzigawi kutoka pale ulipo. Unazipeleka kichwani na kuanza kuzigawa kutoka hapo kuingia ndani ya safu ya mbele. Kichwa kipi? Ukiwa umekula kwenye kichwa au kimbi, unaanzia kichwa cha upande huo huo. Ukiwa umekula katikati, unaanzia kichwa kitakachofanya mwendo uendelee kule ulikokuwa unaelekea: ulikuwa unakwenda kulia, anzia kichwa cha kushoto.

Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete lakini hakuna cha kula, unachukua zote za shimo hilo na kuendelea na safari. Ikiangukia tupu, umelala.

Kwa maneno inasikika nzito. Kwa mikono ni nyepesi. Weka ubao mbele yako sasa, kete 2 kila shimo, nami nitakutembeza mwendo mmoja wa kufungulia. Hesabu mashimo yako ya mbele kutoka kushoto, la 1 hadi la 8.

Chukua kete 2 za shimo la 1, ambalo ni kichwa chako cha kushoto. Zigawe kwenda kulia: moja shimo la 2, moja shimo la 3. Umeishia shimo la 3, lina kete, na mbele yake mpinzani ana 2. Kula. Uko katikati na ulikuwa unakwenda kulia, basi anzia kichwa cha kushoto: moja shimo la 1, moja shimo la 2. Mpinzani ana 2 mbele ya shimo la 2. Kula tena. Shimo la 2 ni kimbi cha kushoto, kwa hiyo unarudi kichwa hicho hicho: moja shimo la 1, moja shimo la 2.

Sasa mbele ya shimo la 2 hakuna kitu, umeshakula. Lakini shimo lako lina kete 5. Zichukue zote, endelea kulia: la 3, la 4, la 5, la 6, la 7. Umetua shimo la 7, mpinzani ana 2 mbele yake. Kula. Hili ni kimbi cha kulia, basi anzia kichwa cha kulia: moja shimo la 8, moja shimo la 7. Mwendo sasa umegeuka, unakwenda kushoto.

Mbele ya la 7 ni patupu. Chukua kete zake 4, gawa kushoto: la 6, la 5, la 4, la 3. Mbele ya la 3 ni patupu tangu ulipokula mara ya kwanza. Chukua 5 za hapo: moja la 2, moja la 1, kisha unashuka safu ya nyuma na kuendelea kutoka kushoto kwenda kulia, la kwanza, la pili, la tatu. Safu ya nyuma hailiwi kitu. Kwa kuwa shimo hilo la tatu lilikuwa na kete, sasa zimekuwa 3, chukua zote: la nne, la tano, la sita. Tena 3. Chukua: la saba, la nane, kisha unapanda mbele na kuangusha ya mwisho kwenye kichwa cha kulia, shimo la 8. Mpinzani ana 2 mbele yake. Kula! Anzia hapo hapo kichwani: moja shimo la 8, moja shimo la 7. Shimo la 7 lilikuwa tupu. Umelala.

Hesabu. Umekula mara nne, kete 8. Ulianza na 32, sasa una 40, na mwenzako amebaki na 24. Kama hesabu yako haikutoka hivyo, rudisha kete zote na uanze upya taratibu. Mimi ilinichukua mara tatu. Ukiupata, ngoja kidogo kabla mwenzako hajacheza na ujiulize ulikuwa unawaza nini katika dakika hizo mbili. Huo ndio utulivu ninaouzungumzia.

Hatua ya tano: sheria zilizobaki, na kushinda

Ukiweza kula, lazima ule, huruhusiwi kukwepa. Kama mgao wa kwanza wa shimo lolote ulilonalo hauwezi kuishia kwenye kula, unatakata: unachagua shimo la mbele lenye kete 2 au zaidi, unagawa, unaendelea hadi ulale, na katika zamu hiyo huli hata ukipita penye windo. Mbele kusipokuwa na shimo la kete 2, ndipo unaanzia nyuma. Shimo la kete moja halianzishi mwendo kamwe.

Unashinda mpinzani akimalizika safu yake ya mbele, hata kama nyuma kumejaa. Unashinda pia akibakiwa na kete moja moja kila mahali, maana hana cha kuanzishia. Hili la kwanza linawashangaza wanaoanza, kwa kuwa wanalundika nyuma wakidhani wanaweka akiba. Kete za nyuma hazikukingi.

Cheza bao la kujifunza wiki mbili tatu. Usiharakishe.

Hatua ya sita: bao kamili, ukiwa tayari

Bao la Kiswahili lenyewe lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kunamua. Kila mmoja anaanza na kete 10 tu ubaoni na 22 mkononi. Shimo la 5 kutoka kushoto kwako katika safu ya mbele, ambalo kwenye mbao nyingi limechongwa la mraba, linaitwa nyumba; weka kete 6 humo, na 2 kwenye kila moja ya mashimo mawili yanayofuata kulia kwake. Kwa zamu, kila mtu anatia kete moja kutoka mkononi kwenye shimo lake la mbele lenye kete, na kama shimo linalolikabili lina kete za mpinzani, anazila na kuzigawa kutoka kichwani. Kete za mkononi zikiisha, mnaingia sehemu ya pili, mtaji, ambayo ni ule mchezo uliokwisha kuujua.

Nyumba ina mambo yake. Wakati wa kunamua, mwendo wa kula ukiishia ndani ya nyumba yako yenye kete 6 au zaidi pasipo kitu cha kula, unaweza kulala hapo na kuilinda, au ukaisafirisha, yaani ukazichukua kete zake zote na kusonga mbele. Lini ulale na lini usafiri, hilo hakuna mwongozo wa maandishi unaoweza kukufundisha. Kaa na wazee. Mwalimu Nyerere naye alikuwa mpenzi wa bao, na picha zake akicheza zipo. Nikiziangalia naona mtu aliyebeba nchi nzima akiinamia mashimo 32 kama mtu mwingine yeyote wa baraza.

Vitu vinavyoua raha ya bao

Pesa. Ukiweka hata shilingi mia tano, umeleta msongo mwingine mezani. Kataa kabisa.

Simu nayo. Iache chumbani, isiwe hata imelazwa kifudifudi pembeni ya ubao. Kuna programu za bao za simu, na zinafaa kwa kujifunza sheria, lakini kwa kupumzika sizipendekezi: zinakunyima kete, zinakunyima mtu, na taarifa za kazini zinaingia juu ya mchezo.

Na ile tabia ya "moja ya mwisho". Umefungwa, unataka kulipiza, inafika saa sita usiku, kesho unaamka umechoka zaidi. Kubalianeni idadi mapema, michezo miwili au mitatu. Aliyefungwa atalipiza kesho.

Niseme pia lililo kweli. Bao linafaa kwa uchovu wa kila siku, ule wa foleni, wa madeni madogo, wa bosi mkali. Kama hulali wiki na wiki, huna hamu ya chakula, au unawaza kujidhuru, huo si mzigo wa kubebewa na mchezo. Mwambie mtu wa karibu na uende kituo cha afya, kisha bao lifuate baadaye.

Usiku wa leo, kama una maharage jikoni na trei mbili za mayai, unaweza kuanza. Kata, gundisha, acha ikauke wakati mnakula. Rudia ule mwendo wa kufungulia hadi mkono uujue. Mkimaliza, msizimwage tu kete mfukoni: zihesabuni pamoja, mmoja akizishika na mwingine akitaja namba, hadi zifike 64. Ikipungua moja, itakuwa chini ya mkeka.